Unataka swichi ya mtumba kujifunzia mitandao Kyela? Angalia haya kabla hujatoa hela

Kyela. Mwanafunzi wa mitandao ya kompyuta anaporudi nyumbani likizo, iwe Kyela mjini, Ipinda au kule Matema kando ya Ziwa Nyasa, kitu cha kwanza anachokikosa ni maabara. Chuoni kulikuwa na chumba chenye swichi zimepangwa kwenye raki. Nyumbani kuna laptopu, bando la wiki na umeme unaokuja na kuondoka.

Hapo ndipo wazo linapomjia: kwa nini nisinunue swichi iliyotumika nikafanyia mazoezi chumbani?

Wazo si baya. Swichi ambazo miaka kumi na tano iliyopita zilikuwa kwenye benki na hospitali kubwa sasa zinauzwa kwa bei ambayo mwanafunzi akijibana anaweza kuifikia. Shida ni kwamba soko la mtumba halina huruma. Kuna wanaonunua boksi lisilofaa kwa somo lao, kuna wanaonunua zima lakini limefungwa kwa neno la siri la mtu mwingine, na kuna wanaotuma hela kwa mtu wa Instagram wasimwone tena.

Na hela yenyewe huwa ni ile ya mkopo wa chuo, au mzazi ameuza gunia la mchele au kilo kadhaa za kokoa. Ikipotea, haina mbadala mpaka msimu ujao.

Kwa nini Kyela watu wasome mitandao?

Swali hili huulizwa sana na wazazi, na jibu liko karibu kuliko wanavyodhani. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika hadi Kasumulu, mpaka wa Tanzania na Malawi ulioko ndani ya Wilaya ya Kyela, na ndipo unapounganishwa na upande wa pili wa Mto Songwe. Pale mpakani forodha inafanya kazi kwa kompyuta. Hospitali za serikali zinatumia mfumo wa GoTHoMIS kuandikisha wagonjwa na malipo. Halmashauri, benki, bandari ya Itungi na nyumba za wageni za Matema zote zina mtandao wa ndani, na kila mtandao wa ndani una swichi mahali fulani, mara nyingi kwenye kabati lenye vumbi ambalo hakuna anayelifungua mpaka lilete shida.

Mtu wa kulifungua kabati hilo akaelewa kilichomo hapatikani kirahisi. Mara nyingi husubiriwa kutoka Mbeya mjini.

Kwanza: swichi ipi inayozungumziwa?

Ukiingia duka la vifaa vya kompyuta ukaomba swichi, kwanza hakikisha hawakuletei ya taa. Ya pili watakayokuletea itakuwa boksi dogo la plastiki lenye poti tano au nane, la TP-Link, Tenda au D-Link. Hilo unachomeka waya, linafanya kazi, basi. Halina mahali pa kuingia ukalipa amri. Kwa kuunganisha printa na kompyuta mbili za ofisi ni zuri tu, ila kwa mwanafunzi anayetaka kujifunza VLAN, trunki na spanning tree, halina msaada wowote.

Anachohitaji mwanafunzi ni swichi inayoongozwa kwa amri. Njia rahisi ya kuitambua ni kutafuta poti iliyoandikwa CONSOLE, mara nyingi ikiwa na rangi ya samawati na ikikaa peke yake, mbali na poti nyingine. Kama haipo, uliza maswali zaidi kabla ya kufungua pochi.

Kuna kundi la katikati. TP-Link TL-SG108E, kwa mfano, ina poti nane na haina konsoli, lakini unaweza kuiingia kwa kompyuta na kutengeneza VLAN. Ni ndogo, kimya na haili umeme. Kwa mtu anayetaka kuelewa VLAN ni nini inatosha kabisa. Kwa anayejiandaa na mtihani wa CCNA haitoshi, kwa sababu mtihani unataka amri za Cisco.

Kabla ya kununua chochote, kuna Packet Tracer

Hili wauzaji hawatakuambia. Cisco wana programu ya bure iitwayo Packet Tracer, inayopatikana kwa kujiandikisha kwenye Cisco Networking Academy. Ndani yake unachora swichi, ruta na kompyuta kwenye skrini, unaziunganisha, unaandika amri zilezile, na zinajibu.

Swichi ya kawaida utakayoikuta ndani ya Packet Tracer ni 2960-24TT, na ile kubwa yenye uwezo wa kuelekeza njia ni 3560-24PS. Kumbuka namba hizo mbili, tutarudi kwake.

Mwanafunzi ambaye hajamaliza hata mazoezi ya VLAN kwenye Packet Tracer hana haja ya kununua chuma. Ashushe programu akiwa kwenye Wi-Fi ya chuo (faili ni kubwa, litakula bando), aitumie mpaka aanze kukereka na mipaka yake. Mtihani wa CCNA wenyewe, namba 200-301, una ada ya dola 300 za Marekani kabla ya kodi. Ukilinganisha na fedha hiyo, swichi isiyo ya lazima ni kuiba kwenye mfuko wa mtihani.

Sasa chuma kinaongeza nini? Kinaongeza vitu ambavyo skrini haikufundishi. Waya uliobanwa vibaya. Poti iliyokufa. Neno la siri lililosahaulika. Swichi inayowaka taa ya njano ukadhani imeharibika kumbe inafikiri. Hivyo ndivyo fundi anavyokutana navyo kazini, na ndiyo sababu swichi moja au mbili za kweli bado zina maana.

Modeli za kutafuta, na za kuacha

Kwa mwanafunzi wa CCNA, Cisco Catalyst 2960 ndiyo chaguo la kwanza. Ni ileile ya Packet Tracer, iliuzwa kwa wingi duniani, na ndiyo maana kwenye mtumba ipo nyingi. Cisco walishaacha kuitengeneza na kuihudumia, na kwa benki hiyo ni sababu ya kuitoa. Kwa mwanafunzi ni sababu ya bei kushuka.

Soma namba ya modeli yote, hadi herufi ya mwisho. WS-C2960-24TT-L na WS-C2960-24-S zinafanana kwa sura, lakini ile inayoishia na L ina programu iitwayo LAN Base, na inayoishia na S ina LAN Lite. LAN Lite imepunguzwa. Inabeba VLAN 64 wakati mwenzake inabeba 255, na baadhi ya mambo ya usalama yanayoulizwa kwenye mtihani haina. Tofauti hii haibadiliki kwa kuongeza faili, hivyo usikubali kuambiwa “utaapgredi tu baadaye”.

LAN Base ina kazawadi kengine. Kuanzia IOS toleo la 12.2(55)SE, 2960 ya aina hiyo inaweza kufanya uelekezaji mdogo wa njia kwa mkono, hadi njia 16. Kwa bei ya swichi ya kawaida, unapata na somo la ziada.

Ukipata 3560 kwa bei isiyopishana sana, chukua moja. Hii inaelekeza njia kati ya VLAN bila ruta. Ila angalia kama ni ya PoE, yaani inayopeleka umeme kwenye simu na kamera kupitia waya wa mtandao. Modeli zenye P, kama 3560-24PS, ni nzito zaidi na feni yake inasikika. Kwenye chumba kimoja cha kupanga, unakolala na kusoma humohumo, feni hiyo utaichukia ndani ya siku mbili.

Za kuacha ni 2950. Bei yake huwa inavutia kweli, na muuzaji ataisifia kwamba “ni Cisco orijino”. Ni kweli ni Cisco, lakini ni ya zamani mno, na matoleo mengi ya programu yake hayana SSH, kitu ambacho leo ni cha msingi. Labda upewe bure.

Jambo moja dogo linalowachanganya wengi wakishanunua: kwenye 3560, kabla ya kuiambia poti iwe trunki, unatakiwa kwanza uandike switchport trunk encapsulation dot1q. Kwenye 2960 amri hiyo inakataliwa, kwa sababu yenyewe inajua aina hiyo moja tu. Mtu asipojua hilo anaanza kumlaumu muuzaji.

Zinapatikana wapi

Kyela mjini usitegemee kuzikuta dukani. Mbeya mjini, maeneo ya Mwanjelwa na Kabwe kwenye maduka ya kompyuta za mtumba, hutokea, lakini ni suala la bahati na kuuliza. Soko kubwa ni Dar es Salaam, Kariakoo na mitaa ya jirani, ambako vifaa vilivyotolewa maofisini na vilivyoingizwa kutoka nje vinaishia.

Njia nyingine ni minada. Taasisi za umma zinapoondoa mali chakavu hutangaza mnada, na ndani ya rundo la viti vilivyovunjika na kompyuta za zamani huwa kuna swichi ambazo hakuna anayezijali. Tatizo la minada ni kwamba mara nyingi unanunua rundo zima na huna nafasi ya kuwasha kitu. Wanafunzi watatu wanne wakichanga wanaweza kulimudu, mmoja peke yake ni kamari.

Njia inayosahaulika ni kuuliza tu. Mafundi wa mitandao waliobadilisha vifaa kwenye hoteli, shule au ofisi za mashirika mara nyingi wana swichi ya zamani stoo. Mwanafunzi aliyefanya mafunzo kwa vitendo sehemu fulani, akaheshimu wakubwa wake, anaweza kurudi akasema, “Shikamoo kaka, ile swichi mliyoitoa mnaitumia?” Akapewa kwa bei ya soda. Lakini hata hapo aandikiwe karatasi na ofisi yenyewe, maana fundi hana mamlaka ya kugawa mali ya mwajiri.

Wapo wanaowaza kuagiza kutoka eBay, ambako 2960 za zamani huonekana kwa dola chache tu. Hesabu uzito kwanza. Swichi ya poti 24 ina takriban kilo tatu na nusu, na ni pana karibu sentimita 45. Nauli ya kuileta kwa ndege inaweza kuzidi bei yake, na bado hujafika kwenye kodi na gharama za kuutoa mzigo. Kwa swichi moja hailipi.

Na kwa wale wa mpakani: kitu kilichonunuliwa upande wa Malawi kinapita forodha kama bidhaa nyingine yoyote. Kukivusha kwa mtumbwi Mto Songwe ili kukwepa ni kutafuta kesi kwa ajili ya boksi la mazoezi.

“Tuma kwa namba hii”

Kila Mtanzania mwenye simu anaijua meseji hiyo, na bado watu wanapigwa. Kwenye Instagram, WhatsApp na majukwaa ya matangazo, muuzaji yupo Dar, mnunuzi yupo Kyela, na katikati kuna barabara ya kilomita zaidi ya 900.

Dawa ni kuwa na mtu. Rafiki wa chuo aliyebaki Dar, binamu anayeuza duka Kariakoo, yeyote anayeweza kwenda akaiona swichi ikiwaka. Asipokuwepo, omba muuzaji apige video fupi, si picha, ikionyesha swichi inawashwa, namba ya modeli nyuma au chini, na skrini ya laptopu ikionyesha majibu ya amri ya show version. Mwambie aandike jina lako na tarehe ya leo kwenye karatasi na karatasi hiyo ionekane kwenye video hiyohiyo. Muuzaji wa kweli atanung'unika kidogo lakini atafanya. Tapeli atakuambia kuna mteja mwingine yuko njiani.

Ikipakiwa kwenye basi, ifungwe kwa maboksi na nguo au sponji. Masikio ya chuma ya pembeni, yale ya kufungia kwenye raki, yatolewe kwanza maana ndiyo yanayopinda. Chukua namba ya basi na risiti ya mzigo.

Omba pia risiti ya ununuzi, ikiwezekana ya EFD, yenye namba ya siri ya kifaa, ile serial namba. Swichi za ofisi huibiwa, na kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Karatasi yenye jina la duka ndiyo kinga yako siku polisi wakiuliza.

Dakika kumi za kuijaribu

Ukiwa nayo mkononi, usianze kwa kuangalia kama inang'aa. Nenda na vitu vitatu: laptopu yenye programu ya PuTTY, kebo ya konsoli, na waya wa mtandao ambao una uhakika ni mzima.

Kebo ya konsoli ndiyo watu wanaisahau. Ni ile bapa ya samawati, upande mmoja kama wa waya wa mtandao. Upande wa pili wa zile za zamani unaingia kwenye poti ambayo laptopu za siku hizi hazina, hivyo nunua yenye USB moja kwa moja. Ndani ya PuTTY chagua Serial, kasi 9600. Maandishi yakitoka kama uchafu usiosomeka, mara nyingi kasi ndiyo haijalingana.

Waya wa umeme ni ule wa kompyuta ya mezani, unapatikana popote. Swichi hizi za Catalyst zinakubali umeme wa volti 100 hadi 240, kwa hiyo iliyotoka Marekani itafanya kazi kwenye 230 yetu bila transfoma. Ila usidhani kila kifaa kiko hivyo. Swichi ndogo zenye adapta ya nje kutoka Marekani zinaweza kuwa za volti 120 peke yake, na ukichomeka tu, moshi. Soma kibandiko cha adapta.

Iwashe na usubiri. Inachukua dakika kadhaa. Taa ya SYST ikitulia kwenye kijani, imepita majaribio yake ya ndani. Ikibaki ya njano, acha.

Ikikubali amri, andika show version uone modeli na toleo la programu, kisha show flash: kuhakikisha faili la IOS lipo kweli. Hili la faili lina uzito. Kushusha IOS rasmi kutoka Cisco kunahitaji mkataba wa huduma, ambao mnunuzi wa mtumba hana. Na hata ukiwa na faili halali mkononi, kulirudisha kwenye swichi iliyofutwa kupitia konsoli kwa kasi ya 9600 ni mateso: megabaiti 8 zinachukua zaidi ya saa mbili, na TANESCO wakikata katikati unaanza upya. Kupandisha kasi hadi 115200 kunaishusha kazi hiyo hadi kama dakika kumi na mbili, lakini ni bora usifike huko.

Sasa poti. Chomeka waya kwenye poti ya kwanza na usikilize moyo wako ukienda mbio: taa inawaka njano. Tulia. Kwa mpangilio wa kawaida wa spanning tree, swichi inasikiliza kwa sekunde 15, inajifunza kwa sekunde 15 nyingine, ndipo inafungua njia na taa inakuwa kijani. Watu wamerudisha swichi nzima dukani kwa sababu ya sekunde 30 hizo. Hamia poti inayofuata, na nyingine. Poti moja au mbili zilizokufa kati ya 24 si mwisho wa dunia kwa mazoezi, ni mwanya wa kuomba punguzo.

Imefungwa kwa neno la siri?

Hii hutokea mara nyingi, na muuzaji asiyejua anaweza kuiuza kama mbovu. Kwa 2960 na 3560 kuna njia inayojulikana. Chomoa umeme, bonyeza kitufe cha MODE kilichoko mbele, chomeka umeme huku umekishikilia kwa sekunde kama 15 mpaka taa ya SYST iache kuwaka njano na kutulia kwenye kijani. Utaona neno switch: na nukta zake mbili likikusubiri. Andika flash_init, kisha del flash:config.text, kisha del flash:vlan.dat, halafu boot. Inaamka kama mpya.

Wakati mwingine mwenye nayo wa zamani alizima njia hiyo. Swichi itakuuliza kama unakubali kurudisha mpangilio wa mwanzo. Kubali, kwa sababu wewe huhitaji chochote chake.

Na hilo la mwisho lichukuliwe kwa uzito. Swichi iliyotoka kwenye ofisi bila kufutwa inaweza kubeba anwani, maneno ya siri na ramani nzima ya mtandao wa watu. Kuna vijana wanaona ni kitu cha kuonyeshana. Kuyatumia kuingia kwenye mfumo usio wako ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na huyo bosi wa ofisi ndiye utakayempelekea CV kesho. Futa.

Ngapi zinatosha, na umeme je?

Mbili. Ukiwa na swichi mbili na waya tatu unafanya VLAN, trunki, EtherChannel, na ukiziunganisha kwa waya mbili unaiona spanning tree ikizima moja kwa macho yako. Pembetatu ya swichi tatu ni nzuri zaidi kwa somo hilo, lakini ya tatu inaweza kubaki ndani ya Packet Tracer.

Umeme ndio wengi hawaupigii hesabu. Chukua swichi tatu, kila moja ikila wati 30. Jumla ni wati 90. Ukiziacha zinawaka usiku na mchana kwa siku 30, ni uniti 64.8. Mteja wa TANESCO wa kundi la D1, lile la matumizi madogo ya nyumbani, anauziwa uniti moja Sh100 kabla ya kodi na tozo akiwa ndani ya uniti 75 kwa mwezi. Maana yake maabara hiyo peke yake inakaribia kumaliza nafasi yote, bado taa, redio, simu na friji ya mama. Mkihamishiwa kundi la T1, uniti ni Sh292 kabla ya kodi, na hiyo ni nyumba nzima italipa, si chumba chako tu.

Ukiziwasha saa mbili kwa siku, ni uniti 5.4 kwa mwezi. Hakuna atakayegundua. Hivyo soma, hifadhi kwa write memory, zima.

Joto na mvua za Kyela

Swichi iliyokaa kwenye ofisi yenye kiyoyozi ikihamia pwani ya Ziwa Nyasa inapata mshtuko. Kyela iko bondeni, ni joto, kuna unyevu, na mvua za Machi hadi Mei si za kuchezea. Usiiweke sakafuni hata kama nyumba haijawahi kuingia maji. Iweke juu ya meza, pembeni pawe wazi hewa ipite, na usiifunike kwa kitambaa ikiwa inawaka. Mijusi na sisimizi wanapenda joto lake, kwa hiyo ukimaliza funika poti kwa mfuko au gazeti.

Radi zikianza, chomoa umeme na waya wa mtandao kwa pamoja. Fridge guard inasaidia umeme ukirudi kwa nguvu, lakini radi inayopita kwenye waya wa intaneti haiioni kabisa.

Swichi isiyotumika kwa wiki kadhaa iwashwe kidogo mara moja moja, hasa kipindi cha mvua, ikauke ndani. Na wakati wa kurudi chuoni ukifika, mwanafunzi mwenye akili haibebi hadi Mbeya kwenye buti la basi. Anamwachia mdogo wake wa kidato cha nne, pamoja na kebo ya konsoli na daftari la amri, amwambie aanze na show version.